Pedi ya ndani imefika chuma, ya nje bado nene: kisa cha breki na wakala wa magari

Jibu la kwanza la wakala lilikuwa sentensi moja kwenye kadi ya kazi: "Pedi ni kifaa cha kulika, hakimo kwenye waranti." Sentensi hiyo ni ya kweli. Karibu kila kitabu cha waranti kinazitaja pedi, pamoja na wiper na klachi, miongoni mwa vitu ambavyo mtengenezaji halipii vikiisha kwa matumizi. Mwenye gari alibishana nayo kwa barua na simu, akashindwa kila mara. Mambo yalianza kugeuka siku alipoikubali na kuuliza swali lingine kabisa.

Kisa kilinifikia kikiwa kimeshaiva: kadi za kazi, picha, barua za pande zote mbili na vipimo vya fundi wa nje. Nakieleza kwa sababu mabishano mengi ya breki hufa palepale kilipokaribia kufa hiki, kwenye hoja ya kilomita.

Gari lenyewe ni dogo la familia, la gia otomatiki, lililonunuliwa jipya kwa wakala rasmi likiwa na waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Huduma zote lilifanyiwa kwa wakala huyohuyo, ya mwisho kwenye kilomita 15,000. Kadi ya siku hiyo, kwenye mstari wa breki, ina alama ya vema na neno "sawa". Hakuna namba yoyote. Gari lilipovuka kilomita 20,000 ukaanza mlio mwembamba wa nyuma kulia. Ule ni ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi pembeni mwa pedi ili uguse diski na kupiga kelele nyama ya pedi inapobaki milimita 2 au 3. Kabla hajapata nafasi ya kulipeleka, mlio ukageuka kuwa msago. Mwenye gari aliliegesha na kuita gari la kuvuta, uamuzi wa busara kuliko yote aliyoyafanya baadaye: bamba la chuma la pedi likisugua diski, gari huchelewa kusimama, joto hupanda, na pistoni, kipande kinachoisukuma pedi, hutoka kwenye nyumba yake kuliko ilivyopangiwa, kiasi cha kuweza kuvujisha mafuta ya breki.

Gereji ya wakala ilifungua gurudumu, ikaona pedi imekwisha, ikapiga simu. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu zake: "Dada, pedi za nyuma zimeisha na diski imekwaruzika. Tubadilishe zote leo jioni uje uchukue gari?" Bei ilitajwa, yote juu yake.

Akakataa kwa muda. Alisema gari lisiguswe na pedi zisitupwe. Sijui kama alijua uzito wa neno hilo la pili, maana hakulitumia mpaka baadaye sana, lakini ndilo lililombeba. Pedi kuukuu zikishaingia kwenye pipa la taka la gereji, kinachobaki ni neno la mteja dhidi ya kadi ya kazi iliyopigwa muhuri.

Mabishano yasiyo na mwisho

Barua yake ya kwanza ilikuwa na hasira nyingi na hoja moja: haiwezekani pedi zikaisha kwenye kilomita 21,000, kwa hiyo gari ni bovu, arudishiwe fedha au apewe lingine. Naielewa hasira hiyo. Lakini hoja ya kilomita ni uwanja wa nyumbani wa wakala. Umri wa pedi unategemea mambo mengi mno: gari linalokwama kwenye foleni kila asubuhi na linalokwenda safari ndefu kwa mwendo mmoja yanaweza kupishana mara tatu, na mteremko, mzigo na aina ya pedi yenyewe huongeza tofauti. Wapo madereva wanaomaliza pedi kwenye kilomita 25,000 na wapo wanaofika 80,000. Hakuna mtengenezaji anayeahidi namba. Ukimwambia wakala "zimeisha mapema", atakuuliza "mapema kuliko nini?", na hutakuwa na jibu lililoandikwa mahali popote.

Hata kuisha kwa za nyuma kabla ya za mbele, jambo lililomshtua mwenye gari, si ushahidi. Zamani za mbele ndizo zilizotangulia karibu siku zote, kwa sababu uzito wa gari huegemea mbele likifunga breki. Magari ya sasa yana kompyuta inayogawa nguvu ya breki na kuyapa magurudumu ya nyuma kazi zaidi kwenye breki ndogondogo ili pua ya gari isizame. Mfumo wa kuzuia gari lisiteleze hutumia breki. Mwendo wa kujiendesha unaofuata gari la mbele nao hutumia breki, na katika magari mengi hutegemea za nyuma kuliko dereva anavyodhani. Pedi za nyuma zenyewe huwa nyembamba tangu kiwandani. Meneja wa gereji alilieleza hili vizuri katika jibu lake, na alikuwa sahihi.

Kisha akaongeza kwamba tatizo ni uendeshaji. "Breki hulika kama soli za viatu," aliandika, "zinategemea mtembeaji." Msemo huo umetumika katika kaunta nyingi za gereji, na mteja wa kawaida huishia hapo. Ila ukiufuata mpaka mwisho unamrudia aliyeusema. Mtu akija na kiatu cha kulia kimetoboka na cha kushoto kikiwa kipya, hatuulizi anatembea kiasi gani, tunauchunguza mguu.

Fundi wa nje apima

Mwenye gari alimleta fundi asiye na uhusiano na wakala. Wakala alisita, kisha akamruhusu apime palepale gereji, gari likiwa juu ya jeki. Ruhusa hiyo ni ya kuombwa kwa maandishi, na wakala anayeikataa amekuachia kitu cha kuandika. Wengi huogopa kwamba fundi wa nje akikaribia gari waranti inakufa. Kuangalia na kupima hakuvunji chochote. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1975 inayojulikana kwa jina la Magnuson-Moss inamkataza mtengenezaji kuifungamanisha waranti na huduma ya karakana yake pekee, isipokuwa akiitoa huduma hiyo bure au akiwa na kibali maalumu, na nchi nyingine zina kanuni zinazofanana nayo. Kinachoweza kuleta mzozo ni fundi wa nje kufungua na kubadilisha. Huyu hakufungua zaidi ya alivyokuta.

Alipima unene wa nyama ya pedi, yaani bila bamba la chuma la nyuma yake, kwenye magurudumu yote manne, ndani na nje. Pedi mpya ya nyuma ya gari hili ina milimita 9. Nyuma kushoto: ndani 6.0, nje 6.3. Nyuma kulia: ndani sifuri, chuma kitupu, nje 7.8. Za mbele zilikuwa zimelika kwa usawa, kulia na kushoto. Diski ya nyuma kulia, kwenye mfereji uliochimbwa upande wa ndani, ilikuwa na milimita 7.7, na ukingoni mwake pamechongwa kiwango cha chini: 8.

Msomaji asiye na haraka aziangalie namba hizo tena. Jicho la kila mtu hukimbilia ile sifuri. Namba inayozungumza ni 7.8. Pedi ya nje ya kulia, iliyokaa hatua moja kutoka kwenye pedi iliyokwisha kabisa, ndiyo iliyokuwa nene kuliko pedi zote za nyuma. Ililika kidogo hata kuliko zile za kushoto, ambazo hakuna aliyezilalamikia.

Ili kuona maana yake inabidi kujua kalipa ya aina hii, yaani kibanio kinachozibana pedi mbili kwenye diski, inavyofanya kazi. Pistoni iko upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta huisukuma pistoni, nayo huibana pedi ya ndani kwenye diski. Hakuna pistoni ya kuisukuma pedi ya nje. Inayoivuta ni kalipa yenyewe: pistoni ikisukuma kwenda nje, kalipa nzima hurudi ndani ikiteleza juu ya pini mbili na kuibana pedi ya nje. Pini zikiwa laini, pedi zote mbili hupata nguvu sawa. Pini zikishikana, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani hufanya kazi ya wawili na pedi ya nje hubaki mtazamaji. Ukiachia kanyagio, kalipa iliyoganda haijirekebishi pia, kwa hiyo pedi ya ndani huendelea kuikwaruza diski gari likitembea bila breki kukanyagwa.

Kama ingekuwa breki ya kuegesha isiyoachia, au mpira wa mafuta ulioziba kwa ndani na kuzuia mafuta yasirudi, mara nyingi pedi zote mbili za gurudumu hilo zingelika, maana kalipa iliyo huru huigawa nguvu hata kama nguvu yenyewe imezidi. Nje kuwa nene kuliko upande mzima wa mwenzake kunaelekeza kwenye pini. Fundi alijaribu kuisukuma kalipa kwa mkono. Haikusogea. Akaandika ripoti ya ukurasa mmoja yenye namba, picha za kila pedi zikiwa na rula kando yake, na picha ya odometa. Neno "bovu" halimo kwenye ripoti hiyo, wala "uzembe", na nadhani hilo liliisaidia kusomwa.

Hoja ya uendeshaji inakufaje

Dereva ana kanyagio kimoja. Shinikizo la mafuta analolizalisha husambaa sawa kwenye mabomba ya kulia na kushoto. Anaweza kuendesha vibaya atakavyo, aegemeze mguu kwenye breki kutoka nyumbani hadi kazini, na bado hataweza kuimaliza pedi ya kulia huku ya kushoto ikibaki na theluthi mbili.

Hapa fundi mkuu wa wakala alitoa hoja nzuri kuliko zote za upande wake, na ningekuwa mimi ni mteja ingenitikisa. Alisema mfumo wa kuzuia utelezi unaweza kufunga breki ya gurudumu moja peke yake, na gari linalopita kona zilezile kila siku linaweza kulika upande mmoja zaidi. Kimsingi ni kweli. Kompyuta hiyo inaweza kulichagua gurudumu. Lakini haiwezi kuchagua pedi. Inatuma mafuta kwenye kalipa kama dereva anavyotuma, na kalipa nzima ikibana, hubana ndani na nje. Tofauti ya kulia na kushoto ingeweza kuelezwa kwa hoja yake; tofauti ya 0 na 7.8 ndani ya gurudumu moja haielezeki. Mwenye gari alilijibu hilo kwa mistari mitatu, na suala la uendeshaji halikurudi tena kwenye barua yoyote.

Hoja ya tatu ya wakala ilikuwa vumbi na maji: kwamba pini zimeshika kutu kwa mazingira. Pini hukaa ndani ya mpira wa kukinga vumbi na hupakwa grisi maalumu ya silikoni. Mpira ungekuwa umechanika, wakala angekuwa na la kusema. Picha zinaonyesha mpira mzima. Pini ya chini, inayovishwa kijipete cha mpira kwenye gari hili, ndiyo iliyong'ang'ania. Kijipete kilikuwa kimevimba. Mpira wa namna hiyo huvimba ukikutana na grisi ya petroli, ile ya kawaida ya kulainishia bawaba na beringi. Nani aliipaka, kama ilipakwa, hakuna karatasi inayosema. Gari halikuwahi kufunguliwa breki na mtu mwingine zaidi ya kiwanda na wakala.

Alama ya vema ya kilomita 15,000

Sehemu hii mwenye gari hakuiona mwenyewe. Ilitokana na kuziweka kadi za kazi kando ya ripoti. Tuseme pedi ya ndani ililika kwa mwendo mmoja tangu siku ya kwanza, milimita 9 ndani ya kilomita 21,000. Kwenye kilomita 15,000 ingebaki na milimita 2.6 hivi, chini ya milimita 3 ambazo gereji nyingi hushauri kubadilisha. Aliyeandika "sawa" alipaswa kuiona. Tuseme badala yake pini ilishikana baadaye, pedi ikawa bado nene siku ya huduma. Basi milimita zote zilizobaki zimeliwa ndani ya kilomita 6,000, jambo ambalo matumizi ya kawaida hayafanyi, na kasoro ya kalipa inakuwa dhahiri zaidi. Na kama kalipa ilianza kukaza taratibu tangu mwanzo, siku hiyo kungekuwa na tofauti ya ndani na nje ambayo kipimo chochote kingeionyesha.

Njia zote tatu zinamrudia wakala, ama kwa kifaa alichouza ama kwa ukaguzi alioufanya. Ninachokiamini mimi ni kwamba hakuna aliyepima. Pedi ya nje huonekana kwa kuchungulia katikati ya mikono ya rimu kwa tochi, na siku ile ingeonekana nene na nzuri, kwa sababu haikuwa inafanya kazi. Ya ndani huonekana vizuri gurudumu likitoka. Alama ya vema ni ya sekunde moja. Namba inadai mtu apige magoti.

Barua ya pili ilivyoandikwa

Barua ya pili haikudai gari jipya. Iliikubali sentensi ya wakala tangu mstari wa kwanza: pedi ni kifaa cha kulika, mteja hadai pedi zilizolika kwa matumizi. Anadai kalipa, kishikilio chake na pini, ambavyo si vifaa vya kulika na vimo ndani ya waranti, pamoja na uharibifu uliosababishwa na kushindwa kwa vifaa hivyo, yaani diski na pedi. Kisha ikauliza maswali manne: unene wa kila pedi ulikuwa kiasi gani kwenye kilomita 15,000, nani alipima na kwa kifaa gani, pini zilikaguliwa lini, na kwa maoni ya gereji, ni nini kilichofanya pedi ya ndani iishe ilhali ya nje ina 7.8? Ripoti na picha viliambatishwa. Nakala ilikwenda kwa mtengenezaji, kitengo cha wateja, ikiwa na namba ya chasi na tarehe ya kuuzwa.

Maswali yalifanya kazi kubwa kuliko madai. Dai linakataliwa kwa neno moja. Swali la nne lilimtaka meneja atoe maelezo yaliyosainiwa, na maelezo pekee yaliyopatana na namba yalikuwa yale ambayo hakutaka kuyaandika. Kwa siku kadhaa hakujibu. Kilichokuja baadaye kilikuwa simu ya mwakilishi wa mtengenezaji, akiomba apitie gereji aangalie mwenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba wakala na mtengenezaji si mfuko mmoja. Kazi ya waranti wakala huifanya kwanza, kisha humdai mtengenezaji, na mtengenezaji anaweza kukataa kumlipa akiona maelezo hayatoshi. Meneja anayesema "haiwezekani" mara nyingi anamaanisha kwamba haamini atarudishiwa gharama zake. Ripoti yenye vipimo humpa karatasi ya kupeleka juu. Nadhani hilo lilichangia kulegeza mambo kuliko hofu yoyote ya kushtakiwa, ingawa sheria nazo zipo. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, agizo la mwaka 2019 linamwajibisha muuzaji kwa miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Waranti ya karatasi haiziondoi haki kama hizo pale zilipo; huongezwa juu yake.

Makubaliano yalikuwa hivi. Kalipa ya kulia, kishikilio na pini kwa waranti. Diski zote mbili za nyuma kwa waranti pia, kwa kuwa diski hubadilishwa jozi ili breki isivute upande mmoja. Gharama ya ufundi juu ya wakala. Pedi: mteja alipe nusu, nusu nyingine wakala kwa "nia njema". Kwa mantiki ya barua yake mwenyewe alistahili pedi pia, kwani ya kulia iliuawa na kalipa. Akakubali nusu, akitoa hoja kwamba za kushoto alizitumia kweli kwa theluthi moja. Mimi nisingevuta kamba kwa ajili ya nusu ya seti ya pedi za nyuma, na sioni kama alipoteza.

Alichokataa ni mstari uliojificha chini ya fomu ya nia njema: kwamba mteja anakiri gari halina kasoro na hatakuwa na madai mengine kuhusu mfumo wa breki. Aliukata kwa kalamu, akaweka sahihi yake kando ya mkato, akaomba meneja aweke yake. Meneja aliweka. Alitaka pia kalipa ya kushoto ivuliwe pini, isafishwe na kupakwa grisi sahihi, kwa sababu kama ya kulia ilipakwa grisi isiyofaa, huenda na ya kushoto ilipakwa grisi ya kopo lilelile. Hilo lilifanywa bila ubishi.

Kalipa kuukuu hakupewa. Kifaa kilichobadilishwa kwa waranti kwa kawaida huwa mali ya mtengenezaji na hurudishwa kwake, ndiyo maana picha zinapigwa kabla. Kwenye kadi ya mwisho, safu ya kifaa imejazwa, safu ya kazi imejazwa, safu ya chanzo cha tatizo iko wazi. Kadi ya huduma iliyofuata, ya kilomita 30,000, ina namba nane kwenye mstari wa breki, ndani na nje kwa kila gurudumu, na hakuna gurudumu ambalo tofauti yake inafika milimita moja.